Meno Niliyokataa Kuyaona

Siku Daktari Zuhura aliponiwekea mezani trei ya vichupa arubaini vya nzi, visivyo na majina, kila kimoja kimeandikwa nambari tu, akaniambia, "Mzee Hamisi, nihesabie hawa, wewe ndiye mwenye jicho," nilipaswa kukataa. Sababu ya kukataa nilikuwa nayo, tena ya kikazi, ambayo isingemkwaza mtu yeyote. Badala yake nilijibu, "Hewallah, Daktari," nikavuta kiti. Ninyi mliobaki kwenye chumba cha nzi mmeniomba niwaandikie niliyojifunza kazini. Nimeanza na hilo kwa sababu mengine yote mngeweza kufundishwa na mtu mwingine.

Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Ziko kwenye faili, na faili hazijawahi kumfundisha mtu kushika brashi.

Niliingia pale kituoni, nje kidogo ya Msambweni, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na sina kazi ya maana. Niliposikia kwamba kuna watu wanatafuta kijana wa kufanya kazi na nzi, nilidhani nitapewa pampu ya dawa niwaue. Nilimkuta Mzee Athumani mbele ya jiko, anakoroga sufuria kubwa, jasho linamchuruzika hadi kidevuni.

"Unajua kupika uji?" akaniuliza.

"Najua, mzee."

"Huu hujui. Huu ukiupika vibaya, watakaokufa ni elfu kumi, na hakuna atakayekuja kwenye matanga isipokuwa wewe na mimi."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Uji wa nzi ni unga wa mahindi, sukari, hamira, na agari ya kuugandisha, kisha matone ya asidi ya kuzuia ukungu, ambayo hutiwa uji ukishapoa kidogo. Mkitia asidi uji ukingali unachemka, inapaa na mvuke, na baada ya siku nne vichupa vyote vinaota manyoya ya kijani. Vitabu vinasema upimwe kwa kipimajoto. Mzee Athumani alikuwa anashika ubavu wa sufuria kwa kiganja, anahesabu hadi tatu, na asipouondoa mkono anasema, "Tia." Mimi nilijaribu kiganja, nikaungua, nikarudi kwenye kipimajoto. Nawashauri mfanye hivyo hivyo.

Watu wa mtaani hawakunielewa. Wakulima wa maembe walikuwa wakinizuia njiani waniulize kwa nini serikali inafuga wadudu wanaowatobolea matunda. Nikawaeleza kwamba hawa wetu ni wadogo zaidi, wanapenda tunda lililokwisha kuoza, na hawatoboi kitu. Hawakuniamini. Nyumbani, mke wangu aliponiuliza kazi yenyewe ni nini hasa, nilimwambia kwamba nakusanya wanawali. Nzi jike akitoka kwenye kifuko chake, una muda wa saa nane hivi kumtenga kabla hajapandwa na dume asiyetakiwa. Ukichelewa, wazao wake hawana maana kwa kazi yetu, kwa sababu hujui baba ni nani.

"Na akiolewa bila idhini yako?" mke wangu akauliza.

"Namtia kwenye chupa ya spiriti."

"Basi nashukuru hukunizaa wewe," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Kila aina ya nzi tunayoitunza tunaiita ukoo, na kila ukoo unahitaji kuhamishiwa chakula kipya kila baada ya wiki mbili. Hakuna Idi, hakuna Krismasi, hakuna mgomo. Ukoo ukikosa kuhamishwa, wazee wanakufa, chakula kinakauka, na funza waliobaki wanakauka nacho. Ng'ombe akifa unabaki na ngozi. Ukoo wa nzi ukifa unabaki na kichupa cha kuosha. Mwaka utitiri ulipotuingilia, wale wadudu weupe wadogo kuliko punje ya chumvi, wanaokula mayai na kuning'inia kwenye matumbo ya nzi, mimi na Mzee Athumani tulihamisha kila ukoo kila siku mbili kwa muda wa miezi mitatu. Tulikuwa tunapangusa rafu kwa spiriti mpaka mikono ikachubuka. Tulipoteza koo nne. Mzee Athumani alizitaja kwa majina mpaka alipostaafu, kama mtu anayetaja wafu wake.

Alipoondoka aliniachia brashi yake, ambayo ilikuwa imebaki na nywele tatu. Kwa brashi hiyo ungeweza kumgeuza nzi aliyelala bila kumvunja mguu. Ikumbukeni brashi hiyo, kwa sababu nilitenda jambo la aibu kwayo, nitalieleza hivi punde.

Daktari Zuhura alikuja baada ya hapo. Kabla yake tulikuwa tunatunza nzi kwa ajili ya wageni waliokuja na maswali yao na kuondoka nayo. Yeye alikuja na swali akakaa nalo. Alitaka kujua kwa nini mguu unakuwa mguu.

Alitueleza kwa ukili. Alikuwa amenunua bunda la ukili, ukanda mrefu wa miyaa iliyosukwa, kwa mama mmoja apeleke ushonwe mkeka, akalifungua palepale juu ya meza ya hadubini. "Kila seli ya nzi," akasema, "ya mguu, ya jicho, ya bawa, ina uzi uleule wa urithi, mzima, haukupungua hata shubiri. Sasa kwa nini seli ya mguu haioti jicho?" Akaukunja ukili mpaka maua yaliyosukwa ndani yake yakafichika. "Kwa sababu uzi haukai wazi. Umezungushwa kwenye vibonge vya protini. Palipokazwa hapasomeki. Palipolegezwa panasomeka."

Nikamuuliza seli inajuaje pa kukaza.

"Hilo ndilo swali, Hamisi. Vile vibonge vina mikia inayochomoza nje. Seli inabandika alama ndogo za kikemia kwenye mikia hiyo. Alama hii ikibandikwa, yanakuja madude ya kukaza. Alama nyingine ikibandikwa, yanakuja madude ya kusukuma vibonge pembeni ili uzi usomeke. Tunaowajua katika hao wabandikaji na wasukumaji ni wachache. Mimi nawatafuta wengine."

Nilikuwa na kidato cha nne changu, lakini nilimwelewa. Tena nilielewa kazi yangu ni ipi, kwa sababu alama zile huzioni kwa hadubini. Unachokiona ni nzi aliyekosewa. Nzi dume ana kitana kidogo cheusi kwenye miguu yake miwili ya mbele, safu ya meno kumi hivi, anachomshikia jike. Miguu ya kati na ya nyuma haina kitana. Daktari alileta ukoo uliopungukiwa na protini mojawapo ya zile za kukaza. Madume wa ukoo huo mara mojamoja huota jino moja au mawili kwenye miguu ya kati, kama kwamba mguu umesahau nafasi yake. Mawazo ya Daktari yalikuwa hivi: ukimchanganya nzi huyo na nzi mwenye kasoro nyingine, na ghafla meno yakazidi, mpaka miguu ya nyuma ikaota vitana, basi huenda kasoro hiyo ya pili imegusa mbandikaji au mkazaji mwingine ambaye hatujamjua.

Kwa hiyo kazi ilikuwa kuhesabu meno. Jino la kitana ni unywele mnene, mweusi, butu, na jirani yake ni unywele wa kawaida, na tofauti yao kwa mtu asiyezoea ni sawa na tofauti ya mchanga na mchanga. Mimi nilizoea. Nilihesabu miaka na miaka. Wageni walipokuja, Daktari aliwaambia, "Huyu ndiye jicho la chumba." Nilikuwa najifanya naangalia kichupa.

Ndipo akaja Nyamvula.

Alitoka Taru, binti wa watu wenye mbuzi, amemaliza shule mwaka uliotangulia. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilikuwa na ile dharau ya watu wa pwani kwa watu wa bara kule juu kukavu, kwamba wanachojua ni mifugo na vumbi.

"Huko Taru kuna nzi?" nikamuuliza siku ya kwanza, wenzangu wakacheka.

"Wako, ami," akasema kwa adabu. "Ila wa kwetu hawapikiwi."

Nikamfundisha kupika uji. Alishika ubavu wa sufuria kwa kiganja, akahesabu hadi tatu, akatia asidi, na uji haukuota ukungu. Nikamfundisha kutenga wanawali. Nikamfundisha kulaza nzi kwenye pedi ya hewa ya ukaa inayomlevya na kumpindua kwa brashi. Kwa muda wa miezi sita alikuwa ananiuliza, kisha akaacha kuniuliza. Sikupenda alipoacha.

Baba yake, alinieleza, alikuwa na mbuzi mia na zaidi, na yeye tangu utotoni ndiye aliyetumwa kuwatambua walipochanganyika kisimani na mbuzi wa wengine. Hakuwa anatazama alama ya sikio. "Alama ya sikio mwizi anaikata, ami. Unatazama anavyosimama." Nzi nao aliwatazama hivyo. Mimi nilikuwa nahesabu meno. Yeye alikuwa anatazama nzi mzima, kisha anaona meno.

Siku moja aliniita. "Ami Hamisi, njoo umtazame huyu. Ana jino kwenye mguu wa kati, na ukoo wake si wa vitana."

Nikatazama. Nikasema, "Uchafu huo. Vumbi la hamira."

"Nimempangusa."

"Mpanguse tena."

Akampangusa. Jino likabaki. Halikuwa uchafu, na niliona tangu mwanzo kwamba halikuwa uchafu. Akamtenga dume yule, akamtafutia jike, na kutokana na mmoja huyo akapata ukoo. Alipowachanganya na ukoo wa Daktari, wana wao wakaota meno kwenye miguu ya kati, na wengine hadi miguu ya nyuma. Daktari Zuhura aliinama kwenye hadubini kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa hakunitazama mimi. Alisema, "Nyamvula, una jicho ambalo sijaliona humu ndani."

Nimekuwa nikijiuliza kama angesema "jicho kama la Hamisi" mambo yangekwenda vingine. Sidhani. Ningeona wivu hata kwa hilo.

Wivu wangu haukuwa mkubwa wala wa kishujaa. Ulikuwa mdogo, wa kila siku, kama utitiri. Nilianza kuangalia Daktari anamwita nani kwanza asubuhi. Nilianza kufika mapema ili nikae kwenye hadubini iliyo karibu na mlango wake. Nyamvula aliponiomba ile brashi ya nywele tatu, awageuze wale madume wake bila kuwaumiza, nilimwambia imepotea. Ilikuwa mfukoni mwangu. Alitumia brashi nene akawa anavunja miguu, na mimi nilikaa kando nikisikiliza akishusha pumzi.

Kisha ikaja habari kwamba chuo kikuu kina nafasi ya mtu mmoja kwenda kusomea kazi hii kwa undani, na sharti ni awe na jambo lake alilolivumbua. Daktari akamwambia Nyamvula mbele yetu sote, "Ukoo wako ukithibitika, unakwenda nao." Kuthibitika maana yake ni mtu mwingine ahesabu, asiyejua kichupa kipi ni cha ukoo upi. Nusu ya vichupa viwe vya ukoo wa Nyamvula uliochanganywa, nusu viwe vya kulinganishia. Daktari ataandika nambari, ataweka orodha kwenye bahasha. Mhesabuji anaandika meno tu.

Hapo ndipo tunarudi kwenye ile trei.

Sababu yangu ya kukataa ilikuwa hii. Ukoo wa Nyamvula ulikuwa na kipande kilichopandikizwa zamani kwenye uzi wake wa urithi, na kipande hicho kiliwapa macho ya rangi ya papai. Wale wa kulinganishia walikuwa na macho meupe. Daktari alikuwa mtu wa protini na kemia, hakuwa anakaa na nzi kutwa, na jambo hilo lilimpita. Mimi halikunipita. Mtu anaweza kuandika nambari apendavyo, ila ukimlaza nzi kwenye pedi, jicho linakuambia anatoka wapi. Nilipaswa kusema, "Daktari, hawa hawafichiki kwangu, wakatwe vichwa kwanza au utafute mwingine." Ni sentensi moja. Tulikuwa na kawaida ya kukata vichwa katika hesabu nyingine, wala haikuwa kazi.

Nikasema hewallah.

Naomba mnielewe vizuri hapa, kwa sababu ndipo mtakapojikwaa ninyi. Sikubuni hata nambari moja. Sikusema uongo ambao mtu angeweza kuuonyesha kwa kidole. Nilichofanya ni kwamba kila nilipomwona mwenye macho ya papai, nikawa mkali. Jino lisipokuwa jeusi kabisa, butu kabisa, nene kabisa, nilisema ni unywele, nikaandika sifuri. Nilipomwona mwenye macho meupe nikawa mkarimu. Lenye rangi ya hudhurungi nikasema, haya, na hili ni jino. Nilifanya hivyo vichupa arubaini, kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhana ya alasiri, na moyoni nilikuwa najiambia kwamba huu ndio uangalifu. Mtu akiwa mkali kwa anayemwonea wivu hajisikii mwovu. Anajisikia hodari.

Daktari akafungua bahasha. Akajumlisha, akajumlisha tena.

"Hakuna tofauti," akasema.

Nyamvula alikuwa amesimama karibu na rafu. "Daktari, naomba nihesabu mimi."

"Wewe ndiye uliyeuleta ukoo huu, Nyamvula. Mzazi hawi shahidi wa mwanawe."

Akanigeukia. "Ami, hata yale madogo? Hata mguu wa kati?"

"Nimeandika nilichokiona," nikasema.

Akanitazama kwa muda. Nadhani alinitazama ninavyosimama. Akachukua wale nzi, akawatoa miguu, akaibandika kwenye vioo vya hadubini na kuvipanga kwenye kasha, kama sheria ya chumba inavyotaka kwa kila hesabu. Kazi hiyo ilimchukua siku tatu, na aliimaliza yote.

Nafasi ya chuo ikapotea. Baada ya miezi miwili naye akaaga. Siku ya mwisho alikuja na vichupa viwili vya ukoo wake, vimefungwa kwa pamba safi.

"Ami, Daktari amesema rafu haina nafasi. Nakuomba unitunzie hivi viwili tu. Kila wiki mbili, uhamishe. Mungu akijalia nitavirudia."

"Nenda kwa amani," nikasema. "Viko mikononi mwangu."

Nilivihamisha mara moja. Nilivihamisha mara ya pili. Mara ya tatu nilikuwa nimeandaa chakula kipya, nikavishika, nikaona yale macho ya papai yakinitazama kwenye kioo, nikavirudisha nyuma ya rafu. Sikuwa na haraka, sikuwa mgonjwa, umeme haukukatika. Niliviacha vikauke. Nilipoviosha nilitumia maji ya moto.

Miaka ikapita, nikaendelea kuhesabu, na Daktari akarudi kuniita jicho la chumba. Nilidhani ningefurahi. Kila alipolisema nilikuwa najiuliza ananilinganisha na nani.

Kisha tukaletewa ile hadubini mnayoijua, yenye kamera na kioo kama cha televisheni. Daktari akaniambia nijizoeze kwa vioo vya zamani. Ningeweza kuchukua kasha lolote. Nikachukua lile la Nyamvula. Sijui kama nilitaka kujihakikishia nilikuwa sawa au nilikuwa nimechoka kutokujua, maana mtu anaweza kujidanganya mpaka asijue kwamba alijidanganya. Nikaweka kioo cha kwanza. Mguu wa kati ukatokea, mrefu kama mkono wangu, na juu yake meno matano. Meusi, butu, yamejipanga. Nikaweka cha pili. Manne. Cha tatu, mguu wa nyuma, mawili. Kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu, vyote vilikuwa sifuri.

Nilinyamaza wiki tatu. Nilikuwa naingia, napika uji, nahamisha koo, narudi nyumbani. Mke wangu akaniuliza ninaumwa nini. Nikamwambia. Akaniuliza, "Na huyo binti yuko hai?" Nikasema yuko hai. "Basi bado unaye mtu wa kumwendea," akasema.

Nikaanza na Daktari. Nilimwonyesha vioo, kisha nikamwonyesha daftari. Alikuwa mwepesi kuelewa kuliko nilivyotaka.

"Ulijua ni wa nani?"

"Nilijua kwa macho yao."

"Kwa nini hukuniambia nimpe mwingine awahesabu?"

"Nilitaka kuhesabu mimi."

Akauliza ukoo wenyewe uko wapi, nikamwambia na hilo pia. Alifunga macho kidogo. Vioo vile vingeweza kuhesabiwa upya, na vilihesabiwa, na tofauti ilikuwepo, kubwa. Lakini mguu uliokauka kwenye kioo hauzai. Kasoro ile ilitokea mara moja, kwa nzi mmoja, na kutafuta ni protini gani iliyoguswa kulihitaji nzi walio hai. Lilikuwa ni swali la Daktari Zuhura, lile lililomleta kwetu, na jibu moja la swali hilo lilikaukia nyuma ya rafu yangu.

Nyamvula nilimkuta Kombani, kwenye duka la dawa za mifugo na mbegu. Nilipoingia alikuwa amekata embe la mkulima mmoja katikati, anamwonyesha funza. "Huyu si wa kuoza, mzee. Huyu ametoboa. Nunua mtego, uuning'inize upande wa kivuli." Alikuwa na uhakika ule ule. Yule mkulima alikuwa anamsikiliza kwa kinywa wazi, na mimi, na umri wangu wote na aibu yangu yote, nikasikia wivu ukinichoma pale pale mlangoni.

"Shikamoo, ami," akasema aliponiona.

"Marahaba, mwanangu."

Nilimweleza nikiwa nimesimama, kati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe. Sikuficha brashi, sikuficha macho ya papai, sikuficha vichupa, na mwishoni nikamwomba anisamehe. Wateja wawili waliingia wakatoka. Alikuwa anapanga chupa za dawa ya kupe kwenye kasha, na alizipanga zote mpaka nikamaliza.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Nilitoa miguu kwa mkono wangu, ami. Meno nikayaona. Ningesema nini? Ningesema Mzee Hamisi haoni? Nani angenisikiliza?"

"Ningekuwa mimi ningesema."

"Ndiyo," akasema. "Wewe ungesema." Akafunga kasha. "Hesabu ningekusamehe. Mtu ana moyo. Lakini vile vichupa nilikuomba kwa kinywa changu, ukanijibu kwa kinywa chako."

Nikamwambia Daktari anamwita arudi. Akasema ameshapigiwa simu, amekataa. Hakuna cha kurudia. Ana duka, ana watoto wawili, anajua kazi yake. Aliniuliza kama nataka maji ya kunywa. Nikasema nataka, akanipa, nikanywa, nikaondoka. Sikumwomba anisamehe mara ya pili, kwa sababu niliona ningekuwa namwomba anifanyie kazi nyingine.

Nilidhani hayo ndiyo malipo. Niliporudi kituoni nilimkuta Daktari ameteremsha madaftari yangu yote kutoka rafu ya juu, kuanzia la mwaka wake wa kwanza, ameyapanga sakafuni.

"Mzee Hamisi," akasema, "niambie ukweli. Hesabu nyingine za namna ile ni zipi?"

"Nyingine sikufanya hivyo, Daktari. Wallahi, ni ile tu."

"Nakuamini," akasema. "Lakini nitawaonyesha nini watu wasiokujua? Ulihesabu ukiwa unajua, ukanyamaza. Nitawathibitishia vipi kwamba mara nyingine hukujua, au ulijua na moyo wako ukawa safi?"

Vioo vya miaka ya mwanzo vilikwisha kuharibika kwa unyevu, na bila vioo kilichobaki ni neno langu. Alichukua kalamu, akafungua daftari moja baada ya jingine, na kwenye jalada la kila moja akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Isitumike. Nilimsaidia kuyarudisha juu. Miaka yangu ya mwisho nilipika uji na kuosha vichupa, na sikuketi tena kwenye hadubini.

Hiyo ndiyo gharama yake. Nyamvula alipoteza ukoo wake na masomo yake kwa sababu yangu. Daktari alipoteza jibu moja la swali lake. Mimi nilihesabu nzi maisha yangu yote ya kazi, na hakuna hata hesabu yangu moja inayotumika.